Shule zipange ziara za mbugani mapema, wanyonge wasiachwe

Kila mwaka, hasa muhula wa pili unapokaribia ukingoni, barabara zetu kuu hujaa mabasi ya shule yaliyosheheni wanafunzi wenye nyuso za furaha, wakielekea Nakuru, Nairobi, Tsavo au Maasai Mara kujionea wanyama ambao wengi wao waliwajua kwa picha za vitabuni tu. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, nyuma ya furaha hiyo kuna jambo ambalo halizungumzwi sana. Wapo wanafunzi wanaobaki nyumbani siku hiyo, si kwa utovu wa nidhamu wala kwa ugonjwa, bali kwa sababu wazazi wao hawakuweza kupata fedha katika muda wa wiki mbili waliopewa na shule.

Mzazi anayeishi kwa kibarua, au anayengoja malipo ya majani chai na maziwa, hawezi kutoa shilingi elfu tatu kwa ghafla. Pengine angeweza kuzitoa kidogo kidogo kama angeambiwa mapema. Lakini barua ya shule humfikia ikiwa imesalia majuma mawili, nayo haina maelezo yoyote ila jumla ya fedha na siku ya mwisho ya kulipa. Mtoto hulia, mzazi hunung'unika, na mwishowe basi huondoka likiwa na viti vitupu. Maoni yetu ni kwamba aibu hii inaweza kuepukika, na dawa yake haihitaji msaada wa wafadhili wala sheria mpya. Inahitaji mipango na hesabu, mambo mawili ambayo shule ndiyo mahali pake.

Kwanza ni vyema tukumbushane kwa nini ziara hizi zina maana. Neno safari ni letu. Kwetu sisi ni mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda pale, iwe ni kwenda sokoni Kongowea au kuhiji Makka. Wageni walilichukua neno hilo, wakalifanya jina la likizo ya kutazama wanyama, wakalirudisha kwetu likiwa limebadilika maana kiasi kwamba Mkenya wa kawaida akilisikia katika matangazo ya utalii hudhani halimhusu. Si ajabu basi kwamba wako watu waliozaliwa na kuzeekea maili chache kutoka katika mbuga bila ya kupita lango lake hata mara moja, ilhali mgeni wa kutoka Ujerumani au Marekani huvuka bahari kuja kuitazama.

Urithi huu ni wa wananchi, na umegharimu mengi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyo ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1946. Tsavo, ambayo sehemu zake mbili za Mashariki na Magharibi kwa pamoja zina eneo linalozidi kilomita za mraba 20,000, ilifuata mwaka 1948. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji. Mwaka 1989 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliundwa, na Julai ya mwaka huo huo Rais Daniel arap Moi akateketeza tani 12 za pembe za ndovu ili ulimwengu uone kwamba Kenya haitaki biashara hiyo. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza zaidi ya tani 100. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayekuwa mbunge, askari wa wanyamapori, mkulima anayepakana na mbuga, au hakimu atakayeamua kesi ya jangili. Tukitaka ayalinde yale tuliyomhifadhia, hatuna budi kumwonyesha.

Aidha, ziara ni somo. Yale ambayo mwalimu wa sayansi hutumia juma zima kueleza juu ya mlolongo wa chakula, mwanafunzi huyaona kwa saa moja akitazama nyasi, swara, simba na tai. Mwalimu wa jiografia aliye Nakuru haitaji chati kueleza Bonde la Ufa. Mwalimu wa historia anaweza kusimama Tsavo akasimulia habari za mwaka 1898, wakati simba walipowashambulia wajenzi wa reli. Na mwalimu wa Kiswahili ana kazi ya insha isiyokuwa na mfano, kwani mwanafunzi ataandika aliyoyaona kwa macho yake.

Kosa la kwanza linalofanywa na shule nyingi ni kuchagua mahali kwa sababu ya umaarufu. Ikitajwa ziara, kila mmoja hutaka Maasai Mara. Ni kweli kwamba Mara ni fahari yetu. Kati ya Julai na Oktoba, mamia kwa maelfu ya nyumbu huingia humo kutoka Serengeti, na tamasha la kuvuka kwao mto halina mfano duniani. Lakini miezi hiyo ndiyo ya wageni wengi na ya bei za juu. Tangu mwaka 2024, mgeni kutoka nje hutozwa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, mara mbili ya kile anachotozwa katika nusu ya kwanza ya mwaka. Mwananchi halipi kiasi hicho, lakini vyumba vya kulala na magari ya kukodi huhisi msukumo wa wateja hao. Shule ya Kwale au Busia inayofunga safari kwenda Mara katika majira hayo italazimika kulala njiani, kula njiani na kuchoka njiani, na huenda wanafunzi wakautumia muda mwingi zaidi ndani ya basi kuliko ndani ya hifadhi.

Nchi hii imejaaliwa vivutio karibu kila upande. Shule za Pwani zina Hifadhi ya Shimba Hills katika Kaunti ya Kwale, yenye palahala wasiopatikana kwingine nchini, na zina Haller Park huko Bamburi, ambako machimbo ya mawe yaliyokuwa jangwa tupu yaligeuzwa msitu kuanzia mwaka 1971. Hapo mwanafunzi hujifunza jambo ambalo hata Mara haiwezi kumfunza, yaani namna binadamu anavyoweza kurekebisha aliyoyaharibu. Shule za Magharibi zina Msitu wa Kakamega. Za Nyanza zina Hifadhi ya Swara ya Kisumu na Mbuga ya Ruma. Za Nairobi na viunga vyake zina mbuga ya kilomita za mraba 117 kwenye mlango wa jiji. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni takriban kilomita 160 tu, na Mbuga ya Ziwa Nakuru ina vifaru, twiga, nyati na simba katika eneo dogo linaloweza kuzungukwa kwa siku moja.

Hapo kwenye Nakuru tunatoa tahadhari. Vitabu vya zamani huieleza mbuga hiyo kama ziwa lililofunikwa na heroe wa rangi ya waridi. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwanzoni mwa mwongo wa 2010, yakafunika ufuo na baadhi ya barabara, na heroe wengi wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Mwalimu atakayewaahidi wanafunzi heroe milioni moja kwa kutegemea kitabu alichosoma yeye akiwa mwanafunzi atawavunja moyo. Ingekuwa bora awapeleke kwa swali: kwa nini maji yamepanda? Hilo ni somo la mazingira lenye uzito kuliko picha ya ndege.

Basi shule ianze na lengo kabla ya mahali. Ijiulize: tunataka wanafunzi wajifunze nini? Je, kuna mahali karibu panapoweza kufunza jambo hilo? Je, twaweza kwenda na kurudi kabla ya giza? Shule ikijibu maswali hayo matatu kwa uaminifu, nusu ya gharama itakuwa imekwisha kupungua kabla hata ya senti moja kukusanywa.

Jambo la pili ni majira. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wakati wa mvua njia za mbugani hugeuka tope, basi la shule hukwama mahali ambapo gari dogo lenye nguvu hupita, na wanyama hutawanyika kwa sababu maji yapo kila mahali na nyasi ni ndefu. Wakati wa kiangazi, wanyama hukusanyika kandokando ya mito na vidimbwi, na ndovu wekundu wa Tsavo, ambao wekundu wao ni vumbi la udongo wa huko, huonekana kwa urahisi. Muhula wa tatu ni wa mitihani, na shule haina nafasi ya matembezi. Kwa hivyo wakati unaofaa kwa shule nyingi ni Juni na Julai. Hilo linajulikana tangu Januari, na hakuna sababu ya mzazi kuambiwa mwishoni mwa Juni.

Tuje sasa kwenye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gharama za ziara ni za aina mbili, na shule isiyozitenganisha haiwezi kupanga vizuri. Kuna gharama zisizobadilika, ambazo ni zile zile hata akienda mwanafunzi mmoja au hamsini: kodi ya basi au mafuta yake, malipo ya dereva, ada ya kuingiza gari mbugani, na ada za walimu wanaoandamana na wanafunzi. Kisha kuna gharama za kila kichwa, yaani ada ya kiingilio ya mwanafunzi, chakula chake na maji yake.

Tuchukue mfano wa kufunza hesabu tu, kila shule iweke tarakimu zake. Tuseme gharama zisizobadilika ni shilingi 60,000, na gharama za kila mwanafunzi ni shilingi 1,250. Wakienda wanafunzi 48, jumla ni shilingi 120,000. Tuongeze asilimia kumi ya akiba kwa ajili ya dharura, kwani tairi hupasuka na mtoto huugua bila kupiga hodi. Jumla inakuwa shilingi 132,000, yaani shilingi 2,750 kwa kila mwanafunzi. Fedha hizo zikidaiwa kwa siku kumi na nne, ni mzigo mzito. Lakini mihula miwili ya kwanza ina takriban majuma 25. Zikigawanywa kwa majuma hayo, ni shilingi 110 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba. Wazazi wengi wanaoshindwa na 2,750 hawashindwi na 110.

Lakini wapo watakaoshindwa hata na hizo, na hapa ndipo hesabu yetu ina jambo la kusema kwa dhamiri ya kila mwalimu mkuu. Tuseme kati ya wanafunzi wale 48, wanane hawawezi kulipa chochote. Wakiachwa nyumbani, wale 40 watagawana shilingi 60,000 za basi, na kila mmoja ataongeza 1,250 zake. Jumla ni shilingi 110,000, na pamoja na akiba ya asilimia kumi ni 121,000, au shilingi 3,025 kwa kila anayelipa. Je, wakichukuliwa wale wanane? Basi limekwisha kulipiwa, viti vyao viko vitupu, dereva ni yule yule. Kinachoongezeka ni kiingilio na chakula chao tu. Jumla inarudi kuwa 132,000, na kila mmoja wa wale 40 atalipa shilingi 3,300. Tofauti ni shilingi 275. Kwa majuma 25, hiyo ni shilingi 11 kwa juma.

Tunaomba msomaji aitafakari tarakimu hiyo. Katika mfano huu, watoto wanane wanaachwa nje ya basi lenye viti vinane vitupu kwa ajili ya shilingi 11 kwa juma kutoka kwa kila mwenzao. Ni wazazi wangapi wangekataa kuongeza hizo kama wangeelezwa waziwazi katika mkutano wa mwanzo wa mwaka? Na kama wapo watakaokataa, je, harambee ndogo ya darasa, mauzo ya mboga za bustani ya shule, au mchango wa wanafunzi wa zamani haiwezi kuziba pengo la shilingi elfu kumi au kumi na moja? Kinachowaacha watoto hawa mara nyingi si umaskini wao pekee, bali ni uvivu wetu wa kupiga hesabu.

Ni lazima pia msaada huo utolewe kwa staha. Jina la mtoto asiyeweza kulipa lisisomwe gwarideni wala kubandikwa ukutani. Mwalimu wa darasa anazijua nyumba za wanafunzi wake. Orodha ibaki kati yake na mwalimu mkuu, na siku ya safari mtoto aingie basini kama wenzake, apewe chakula kama wenzake, asijue mtu yeyote nani alilipa na nani alilipiwa.

Fedha zikikusanywa kwa miezi sita, lazima zitunzwe. Tumesikia malalamiko ya kutosha kuhusu michango ya shule iliyoyeyuka. Kila malipo, hata ya shilingi 50, yaandikiwe risiti. Fedha ziwekwe benki au zipokewe kwa simu katika akaunti ya shule, kamwe si katika simu ya mwalimu binafsi. Kamati ndogo yenye mwalimu, mzazi na mwakilishi wa wanafunzi ipewe jukumu la kutafuta bei kutoka kwa wenye mabasi watatu au zaidi, na kuzilinganisha kwa maandishi. Baada ya safari, hesabu isomwe mbele ya wazazi, na kilichobaki cha akiba kirudishwe au kiwe mwanzo wa mfuko wa mwaka unaofuata. Wanafunzi wa hisabati na biashara washirikishwe katika kazi hii tangu mwanzo. Hakuna zoezi la kitabuni litakalowafunza bajeti vizuri kuliko bajeti ya safari yao wenyewe.

Kuhusu viingilio, shule ziulize kabla ya kupanga. Mbuga za taifa ziko chini ya KWS, lakini Maasai Mara iko chini ya Kaunti ya Narok, na viwango vyao havifanani. Kwa miaka mingi mtoto wa Kenya alilipa KWS shilingi 215, na mtu mzima shilingi 430 katika Mbuga ya Nairobi na 860 huko Nakuru na Amboseli. Mwaka 2025 viwango vipya vya juu vilitangazwa. Anayepanga kwa kutumia risiti ya zamani atafika langoni akiwa amepungukiwa. Isitoshe, malipo ya KWS hufanywa kwa mtandao wa eCitizen na si kwa fedha taslimu mkononi, kwa hivyo ni busara kulipa mapema, kuchapisha stakabadhi na kuibeba. Mbuga huwa na viwango nafuu kwa watoto na wanafunzi. Shule iandike barua rasmi majuma kadhaa kabla, ikitaja idadi ya wanafunzi, walimu, siku na lengo la ziara, na wanafunzi wakubwa wabebe vitambulisho vyao vya shule.

Usalama hauna bei, lakini una gharama, na gharama hiyo isiwe ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Machi 2024 taifa liliomboleza wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliofariki basi lao lilipogongana na lori huko Maungu, katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, wakiwa katika safari ya masomo. Ni kilio kisichosahaulika. Hatusemi kwamba mipango huondoa kila ajali. Twasema kwamba kuna hatari ambazo mpangaji anaweza kuzipunguza. Basi likaguliwe na fundi kabla ya siku ya safari, wala si asubuhi ya safari. Dereva awe amelala usiku uliotangulia, na kwa mwendo mrefu wawepo madereva wawili. Abiria wasizidi viti, na kila kiti kiwe na mkanda. Safari ya usiku isifikiriwe kabisa. Shule ikiona haiwezi kurudi kabla ya giza, basi ama ichague mahali pa karibu au ilipie malazi. Shule zilizo karibu na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi zitafakari pia usafiri wa garimoshi hadi Voi au Mtito Andei, kisha zikodi magari huko huko.

Hatari nyingine ni za mahali penyewe. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwasomba watu waliokuwa wakitembea ndani ya korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, na kadhaa wakapoteza maisha. Mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakafika mahali ambapo jua linawaka. Kwa hivyo mwongozaji wa mbuga asikilizwe, na akisema njia imefungwa, imefungwa. Shule iwe na mwalimu mmoja kwa kila kikundi kidogo cha wanafunzi, orodha ya majina inayosomwa kila mara basi linapoondoka, namba za simu za wazazi, dawa za wale wenye pumu au ugonjwa mwingine, na sanduku la huduma ya kwanza. Na ndani ya mbuga, hakuna kushuka garini pasiporuhusiwa, hakuna kumpigia mnyama kelele, hakuna kumtupia tumbili ndizi.

Chakula ni sehemu ambayo shule nyingi hupoteza fedha. Mlo wa hoteli za ndani ya mbuga ni wa bei ya mgeni. Mapishi ya shule yanatosha: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, matunda, na maji mengi. Lakini chakula hicho kisifungwe katika plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji na vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi. Kila mwanafunzi abebe chupa yake inayotumika mara nyingi, na shule ibebe mtungi mkubwa wa maji. Kwa kufanya hivyo shule hutii sheria na huokoa fedha kwa wakati mmoja.

Twajua watakaotupinga. Wapo wasemao kwamba nyakati ni ngumu, karo yenyewe haijalipwa, na kwamba kuzungumzia ziara za mbugani ni kumtafutia mgonjwa manukato. Hoja yao ina uzito, na hatuipuuzi. Shule isiyokuwa na vitabu inunue vitabu kwanza. Lakini ukweli ni kwamba ziara zinafanyika tayari, kila mwaka, na fedha zinatumika tayari. Suala lililo mbele yetu ni namna zinavyotumika, na nani anafaidi. Wapo pia wasemao kwamba ziara ni kupoteza wakati wa masomo. Hao twawaunga mkono pale ambapo wanafunzi hupelekwa bila maandalizi, wakarudi na picha za simu na sauti zilizokauka kwa kuimba. Ziara isiyotanguliwa na somo na isiyofuatwa na kazi ni matembezi tu. Juma moja kabla, wanafunzi wasome ramani ya mahali, wajue majina ya wanyama na mimea kwa Kiswahili na kwa lugha zao, na waandike maswali. Juma moja baadaye, waandike ripoti, wachore, wajadiliane, na waliokwenda wawasimulie wadogo wao.

Kwa upande wao, wenye mamlaka wana deni. KWS na serikali za kaunti zingefanya jambo jema kama zingetangaza viwango vya wanafunzi mwanzoni mwa kila mwaka wa shule na kutovibadilisha kabla ya mwaka kwisha, ili mwalimu aliyepanga Januari asishtuliwe Julai. Wenye hoteli na kambi wana vitanda vitupu katika miezi ya wageni wachache. Kwa nini wasivifungulie shule kwa bei nafuu? Ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, sekta nzima ilimgeukia mwananchi na kumwita mgeni mtukufu. Isimsahau sasa kwa kuwa ndege zimerudi.

Tungependa pia kuwakumbusha walimu na wazazi kwamba kanuni hizi hizi zinawafaa wao na familia zao. Mwalimu anayetaka kuwapeleka watoto wake Tsavo likizo ya Agosti hahitaji utajiri. Anahitaji kuamua Januari, kutenga kiasi fulani kila mwezi, kujiunga na jamaa wawili au watatu ili wagawane kodi ya gari, kulala mjini nje ya lango badala ya ndani ya mbuga, kubeba chakula, na kulipa kiingilio cha siku moja tu badala ya tatu. Vyama vya akiba na mikopo ambavyo walimu hukopa kwa ajili ya arusi na mazishi vinaweza pia kuwa mahali pa kuweka akiba ya kuijua nchi yao.

Twarudi kwa walimu wakuu. Muhula wa kwanza wa mwaka ujao usianze bila ya karatasi moja kuwafikia wazazi, yenye mambo haya: mahali, siku, lengo, gharama zikiwa zimechanganuliwa, kiasi cha kulipa kila juma, na namna shule itakavyowabeba wasiojiweza. Karatasi hiyo haigharimu chochote. Wanafunzi nao wasingoje kuongozwa kama kondoo. Waombe kuiona bajeti, waulize maswali, na wawe wa kwanza kusema kwamba hakuna mwenzao atakayeachwa. Ndovu wa Tsavo na vifaru wa Nakuru walihifadhiwa kwa jasho na damu ya askari wa taifa hili kwa ajili ya watoto wote. Ni wajibu wa kila shule kuhakikisha kwamba basi likitoka langoni, kiti cha mtoto wa maskini hakiendi kitupu.